Sehemu 13 zilitosha: kwa nini Clone High bado inapendwa

Clone High ilianza kuonyeshwa Canada, kwenye kituo cha Teletoon, tarehe 2 Novemba 2002. Iliingia MTV ya Marekani tarehe 20 Januari 2003, na MTV ikaiondoa hewani kabla ya kurusha sehemu zote 13 zilizotengenezwa. Kibiashara habari iliishia hapo: katuni ya vichekesho kwa watu wazima, msimu mmoja, watazamaji wachache, faili likafungwa. Lakini miaka mingi baadaye, vijana ambao wakati ule walikuwa hawajaanza shule, na wengine hawajazaliwa, walikuwa wakichora wahusika wake, wakishona mavazi yao na kubishana hadi usiku wa manane kama Joan wa Arc alimfaa Abraham Lincoln au John F. Kennedy.

Naipenda katuni hii, na mapenzi ya wenzangu kwake yanastahili maelezo bora kuliko yale yanayotolewa kila mara. Husemwa kwamba kazi iliyokatwa mapema hupendwa kwa huruma. Haikupata nafasi ya kuchakaa, kwa hiyo kila mtu huijazia kichwani misimu mizuri ambayo haikuwahi kuandikwa. Maelezo hayo hayasimami. Televisheni ya Marekani imekatisha katuni nyingi za aina hii ndani ya mwaka mmoja. NBC ilikuwa na Father of the Pride mwaka 2004, iliyotangazwa kwa kishindo. Fox ilikuwa na Allen Gregory mwaka 2011, iliyodumu kwa sehemu saba. Nani anashona mavazi ya Allen Gregory? Kama kufa mapema kungetosha kuleta mashabiki, makaburi yote ya televisheni yangekuwa na maua. Clone High ilipendwa kwa kile kilichomo ndani yake, na tukiacha kukitazama kwa makini tutaendelea kurudia kosa ambalo wamiliki wake wamelifanya.

Kisa chenyewe kinaelezeka upesi. Maofisa wa siri wa serikali wamefukua mabaki ya watu mashuhuri wa historia, wakachukua vinasaba vyao na kutengeneza nakala zao, na sasa nakala hizo ni wanafunzi wa sekondari katika shule moja. Abe Lincoln ni mrefu, mpole, ana nia njema na hawezi kufanya uamuzi wowote. Joan wa Arc, nakala ya mtakatifu shujaa wa Ufaransa, anavaa nguo nyeusi, ameudhika na dunia, na anampenda Abe kimya kimya. Abe haoni, kwa kuwa macho yake yako kwa Cleopatra. Kennedy, anayeitwa JFK tu, ni bingwa wa michezo anayetaka kila mtu ajue kwamba yeye ndiye dume la shule. Gandhi ni rafiki wa Abe, kijana wa sherehe asiyetulia kitini. Mkuu wa shule, Scudworth, ana mpango wa siri wa kuwatumia wanafunzi wake kama vivutio vya bustani ya burudani, akisaidiwa na roboti aitwaye Mr. Butlertron ambaye humwita kila mtu Wesley. Walioitunga ni Phil Lord, Christopher Miller na Bill Lawrence. Lord mwenyewe ndiye sauti ya Scudworth, na Miller ndiye JFK na ndiye roboti.

Anayesikia kisa hicho kwa mara ya kwanza hudhani kwamba utani wote uko kwenye historia, na kwamba asiyejua nani alimuua nani mwaka gani hataelewa kitu. Historia humo ni mlango tu. Ukishaingia unakuta vijana waliozaliwa wakiwa tayari na mfano wa kuishi, na mfano huo ni mkubwa kuliko mtu yeyote. Kwetu mtoto aliyepewa jina la babu yake hukua akisikia kwamba babu hakuwa mwoga, babu hakusema uongo, babu hakushindwa hesabu. Wanafunzi wa shule hii wamepewa zaidi ya jina: wamepewa mwili uleule na uso uleule ulio kwenye noti za benki. Kila mmoja ameutafutia mzigo huo mahali pa kuuficha. JFK anajivuna kwa sababu anaogopa kuonekana mdogo mbele ya picha ya rais. Abe amefundishwa kwamba Lincoln alikuwa mkweli na kiongozi, naye hajui hata msichana gani anampenda. Joan ametoka kwa mtakatifu na haoni utakatifu wowote ndani yake.

Ndiyo maana vijana wanairudia. Somo la historia la Marekani halina uhusiano mkubwa na mvulana wa leo wa Manila au wa Mombasa, lakini kulinganishwa na mtu asiyeweza kufikiwa anakujua vizuri kabisa.

Halafu kuna namna hadithi inavyosimuliwa. Kila sehemu inafunguliwa na msimulizi mwenye sauti nzito akitangaza kwamba hii ya leo ni sehemu maalumu sana. Mzaha huo una asili yake. Katika miaka ya 1980 vichekesho vya familia vya Marekani vilikuwa na desturi ya kuacha kucheka kwa wiki moja ili vifundishe jambo zito: dawa za kulevya, ulevi, ugonjwa, kifo cha rafiki. Mwaka 1983 Nancy Reagan, mke wa rais, alikuja mwenyewe kwenye kipindi cha Diff'rent Strokes kuwaonya watoto kuhusu dawa za kulevya. Mwishoni mwa miaka ya 1990 desturi hiyo ilihamia kwenye tamthilia za vijana, na iliyovuma kuliko zote ilikuwa Dawson's Creek, ambako wanafunzi wa sekondari walizungumza kama wanafalsafa na kulia karibu kila wiki. Clone High ilichukua uzito wote huo na kuubebesha mambo ya kipuuzi. Kuna sehemu nzima, iliyojaa nyimbo, kuhusu wanafunzi wanaovuta zabibu kavu wakiamini zinalevya. Kuna nyingine ambapo Gandhi anagunduliwa kuwa na tatizo la kushindwa kutulia na kumakinika, na shule nzima inamkimbia kama mtu mwenye ugonjwa wa kuambukiza.

Wahusika wenyewe hawajui kwamba wanachekesha. Hakuna anayemgeukia mtazamaji na kumkonyeza. Joan anapoumia, anaumia kweli, hata kama kilichomuumiza ni upuuzi mtupu. Naona hapa ndipo ufundi wa katuni hii ulipo. Waandishi waliidhihaki tamthilia ya vijana, lakini kwanza waliijenga ikasimama: pembe tatu ya mapenzi ina mantiki, wivu una chanzo, maneno yaliyosemwa sehemu ya pili yana matokeo sehemu ya kumi. Mtu anaweza kuingia kwa ajili ya kicheko na akajikuta anasubiri kwa hamu kujua kama Abe atafumbua macho.

Mfano ninaoupenda zaidi ni sehemu ya kifo cha Ponce de León. Anatokea ghafla, kwa sauti ya Luke Perry, na wote wanamchukulia kama rafiki wa tangu zamani wa JFK, ingawa hatukuwahi kumwona hata mara moja. Televisheni ilizoea kufanya hivyo: inaleta rafiki mpya ili imuue kabla ya dakika ya mwisho tupate funzo. Ponce anauawa na takataka. Mvumbuzi wa Kihispania ambaye hekaya inasema alitafuta chemchemi ya ujana wa milele, nakala yake inakufa akiwa mwanafunzi, na hakuna mhusika anayetaja jambo hilo. Limeachwa pale kwa atakayeliona. Na baada ya utani wote huo JFK anabaki na huzuni ambayo imeandikwa kwa uangalifu kuliko kifo chenyewe. Kijana aliyekuwa akijisifu sehemu tisa zilizopita hana la kusema. Mashabiki wengi wa JFK huanzia hapo, na si ajabu kwamba kauli yake ya kujitapa kwamba hakuna baya linalowapata akina Kennedy imekuwa ikisambazwa mtandaoni kwa miaka: inachekesha, na papo hapo inatisha kwa anayekumbuka Dallas ya mwaka 1963, ambako rais Kennedy aliuawa.

Au chukua sehemu ambayo Joan anajivika uvulana, anajiita John Dark, ili aruhusiwe kucheza katika timu ya mpira wa kikapu. JFK anamtazama mvulana huyo mpya na moyo unamwenda mbio, na anachanganyikiwa. Ni kichekesho cha kawaida cha kubadilisha nguo. Lakini Joan wa Arc wa kweli alivaa mavazi ya kiume, na jambo hilo lilikuwa miongoni mwa mashtaka yaliyomfikisha kwenye moto mwaka 1431. Waandishi walilijua hilo, na wakalitumia bila kulifundisha.

Naweza kuendelea kutoa mifano, kwa sababu imejaa. Kuta za shule zina mabango ya kusoma, wanafunzi wanaopita nyuma ya wahusika wana visa vyao, na michoro bapa yenye pembe kali, inayokumbusha katuni za Marekani za miaka ya 1950, imepangwa ili macho yawe na kazi muda wote. Lord na Miller, waliojuana wakiwa wanafunzi wa Dartmouth College, walikuwa bado hawajafika miaka 30. Waliandika kama watu wasio na uhakika kwamba wataruhusiwa tena. Hakuna wazo lililowekwa akiba kwa msimu wa tano. Katuni zilizohakikishiwa maisha marefu hujifunza kubana matumizi: kichekesho kimoja kinanyooshwa sehemu nzima, mhusika anazuiwa asibadilike ili kesho arudi alivyokuwa. Ufupi wa Clone High haukuwa bahati mbaya iliyoipata kutoka nje tu. Uko ndani ya kila dakika yake, katika mwendo wake na katika wingi wa vitu vilivyomo.

Kisha ukaja mwisho. Katika sehemu ya 13, usiku wa dansi kubwa ya shule, Abe anafanya uamuzi wake wa kwanza maishani. Anatambua kwamba anayempenda ni Joan, na anakimbia kwenda kumwambia. Anamkuta kitandani na JFK. Kabla hajasema neno, wote wanagandishwa kwa baridi, shule nzima, na katuni inaishia hapo. Kwa waandishi hiyo ilikuwa kamba ya kumvutia mtazamaji arudi msimu wa pili. Kukatishwa kuliigeuza kuwa hitimisho, na mimi naamini ni mojawapo ya mahitimisho bora katika katuni za Marekani. Hadithi ya kijana asiyeweza kuamua inamalizika pale anapoamua akiwa amechelewa. Hakuna mwandishi ambaye angethubutu kuimaliza hivyo kwa hiari. Mabishano yote ya mashabiki kuhusu Abe, Joan na JFK yamekaa katika mlango ule ulioachwa wazi kwa miongo miwili, na yamekuwa na uhai kwa sababu hakuna aliyekuwa na jibu rasmi mkononi.

Suala la Gandhi halipitiki kwa haraka. Tarehe 30 Januari 2003, miaka 55 kamili tangu Mahatma Gandhi auawe, watu mjini New Delhi, wanasiasa wakiwemo, waligoma kula kuipinga katuni hii. MTV iliomba radhi. Ilikuwa na biashara kubwa India, na katuni ambayo haikuvuta watazamaji wengi nyumbani haikuwa na mtu wa kuitetea ofisini. Mashabiki wengi husimulia tukio hilo kama ushahidi kwamba katuni yao iliuawa na watu wasiojua utani. Simulizi hiyo inawakosea Wahindi, na inawapa nafuu wakuu wa MTV, ambao walikuwa na watazamaji wachache wa kutosha kuwapa sababu hata bila mgomo wowote.

Gandhi si jina la kuchezea kwa mamilioni ya watu, na si nchini India peke yake. Sehemu ya majivu yake ilimwagwa mwaka 1948 Jinja, Uganda, pale Nile inapoanzia, na kumbukumbu yake ipo hapo hadi leo. Chuo Kikuu cha Nairobi kina sanamu yake. Tujiulize tungehisi nini kama kituo cha nje kingemwonyesha kijana aitwaye Nyerere akirukaruka juu ya meza akitafuta wasichana, na sisi tungeiona picha hiyo moja tu, bila hadithi inayoizunguka. Hasira ingekuwa haki yetu.

Pamoja na hayo, nikiitazama katuni yenyewe, simuoni Mahatma akidhihakiwa. Naona kijana aliyelemewa na jina kuliko wenzake wote. Anayetegemewa kuwa mpole kuliko binadamu wote amekimbilia kelele, kwa sababu njia nyingine ilikuwa ni kushindwa kila siku mbele ya kila mtu. Sehemu inayohusu ugonjwa wake inaonyesha jinsi jamii inavyomtenga mgonjwa, na inamhurumia yeye, si wanaomtenga. Kasoro naiona kwingine. Waandishi walikuwa Wamarekani, wakiwajua Lincoln na Kennedy kwa undani, ndiyo maana utani wao juu ya hao wawili una tabaka nyingi. Gandhi walimjua juu juu, na kichekesho chake mara nyingi kinabaki palepale: mtakatifu amekuwa mtundu. Shabiki wa kweli anaweza kusema hivyo bila kupungukiwa na mapenzi yake.

Baada ya MTV kuitupa, Clone High ilibaki mikononi mwa watazamaji. Canada ilikuwa imeionyesha, na Canada ndiko ilikotolewa kwenye DVD mwaka 2005. Waliokuwa na kanda walinakili, waliokuwa na DVD walipandisha mtandaoni, na kila aliyeipata aliipitisha kwa mwingine. Wakati huo Lord na Miller walikuwa wanapanda: Cloudy with a Chance of Meatballs mwaka 2009, The Lego Movie mwaka 2014, kisha Spider-Man: Into the Spider-Verse waliyoisimamia kama watayarishaji, iliyopata Oscar ya filamu bora ya katuni mwaka 2019. Kila filamu ilipotoka, watu wapya walitafuta walikoanzia hao mabwana, wakaikuta shule ile. Mwaka 2020 na 2021 vipande vyake vilienea TikTok, na kundi la vijana likaifanya yao kabisa.

Haikuwa peke yake katika njia hiyo. Mission Hill ya Bill Oakley na Josh Weinstein, waliowahi kuongoza The Simpsons, ilianza kwenye kituo cha The WB Septemba 1999, nayo ina sehemu 13, nayo ilikatishwa kabla haijaonyeshwa yote. Ilipata maisha ya pili ilipoonyeshwa Adult Swim, kipindi cha usiku cha katuni za watu wazima, mwaka 2002. Humo wamo Gus na Wally, wazee wawili wa kiume wanaoishi pamoja kama wapenzi, waliochorwa wakiwa na ugomvi, uzee na upendo wa kweli, wakati ambapo televisheni ya Marekani iliwaonyesha watu kama hao kwa woga au kwa kejeli. Wanaoikumbuka Mission Hill huwataja wawili hao kabla ya kutaja chochote kingine. Watu hukumbuka mhusika aliyetengenezwa vizuri, hata kama alikuwa hewani kwa wiki chache.

Makampuni nayo yalikuwa yakiangalia, na yalijifunza somo moja kutoka kwa Family Guy. Fox iliikatisha mwaka 2002. Mwaka uliofuata DVD zake ziliuzwa kupita matarajio na marudio yake Adult Swim yakavuta watu, na tarehe 1 Mei 2005 ikarudi hewani, ambako haijatoka. Futurama, katuni nyingine ya Fox, ilifuata njia inayofanana. Tangu hapo mapenzi ya mashabiki yalianza kuhesabiwa kama soko lililolala, linalosubiri kuamshwa. Hakuna aliyejali kwamba kazi hizo hazilingani. Family Guy ni mfululizo wa vichekesho vinavyoweza kuanza na kuisha popote. Unaweza kuiacha miaka mitatu na kurudi bila kupotea. Clone High ni tamthilia inayoegemea kidonda kimoja kilichoachwa wazi.

Tarehe 23 Mei 2023, siku ileile HBO Max, huduma ya kutazama filamu na vipindi mtandaoni, ilipobadili jina na kuwa Max, Clone High ilirudi. Lord na Miller walikuwemo, Lawrence alikuwemo, na usukani alipewa Erica Rivinoja, aliyekuwa miongoni mwa waandishi wa mwanzo. Wanafunzi wanatolewa kwenye barafu baada ya miaka 20 na kukuta dunia imebadilika. Wapya wakaongezwa, akiwemo Harriet Tubman kwa sauti ya Ayo Edebiri, Frida Kahlo na Confucius. Gandhi hakurudishwa kwenye hadithi. Misimu miwili ya sehemu kumi kumi ikatoka, wa mwisho Februari 2024, na mwaka huohuo ikakatishwa tena.

Sitasema ilikuwa mbovu. Ina vicheko, Edebiri ni hodari, na kuna sehemu ambazo hata Clone High ya zamani ingejivunia. Lakini iliondolewa kile kilichokuwa kinaipa nguvu. Dhihaka huishi kwa chakula cha kile inachokidhihaki. Clone High ya kwanza ilirushwa wakati Dawson's Creek bado ipo hewani. Ilikuwa inaidhihaki jirani yake, usoni. Dawson's Creek iliisha Mei 2003. Mwaka 2023 hapakuwa na tamthilia moja ya vijana iliyotazamwa na wote, kwa hiyo katuni ikageukia namna vijana wa leo wanavyozungumza, wanavyoombana radhi na wanavyoogopa kukosea. Utani wa aina hiyo unamtaka mhusika ajue kwamba yuko katika utani, na Joan na Abe walioumia kweli walianza kuongea kama waandishi wao. Zaidi ya yote, mlango ule ulifungwa. Abe alipata nafasi ya kusema lililokuwa moyoni, Joan alipata nafasi ya kujibu, na yakawa mapenzi ya kawaida ya kwenye televisheni, ya kwenda na kurudi.

Wapo waliohitimisha kwamba mashabiki walikuwa wanafiki: waliomba miaka yote, walipopewa hawakutazama. Hukumu hiyo inaniudhi. Ni kweli wengi waliomba irudi, nami nilifurahi iliporudi. Lakini ombi la shabiki ni namna ya kusema anaipenda kazi iliyopo. Lilichukuliwa kama oda ya bidhaa. Waliokaa na sehemu 13 kwa miaka 20, wakizichora, wakiziandikia hadithi za pembeni, wakizipitisha mkono kwa mkono, hawakuwa wanangoja. Walikuwa tayari wana kitu kamili.

Ambacho hawakuwa nacho, na hadi leo hawajahakikishiwa, ni usalama wa kitu hicho. Agosti 2022 HBO Max iliondoa katuni nyingi kwenye huduma yake kwa mkupuo, Infinity Train ikiwa mojawapo. Waliozitengeneza walibaki wakiona kazi zao zimekosa mahali pa kutazamwa kihalali. Ndani ya jumba hilohilo zilikuwa zikitengenezwa sehemu mpya za Clone High. Kama nia ilikuwa kuheshimu mapenzi ya mashabiki, fedha kidogo sana zingetosha: kuzisafisha sehemu 13 za mwanzo, kuzitoa kwenye DVD nje ya Canada, kuweka mazungumzo ya waandishi na waigizaji wa sauti, kueleza kwa uwazi yaliyotokea New Delhi na kwenye ofisi za MTV, na kuzifanya zipatikane nchi yoyote bila kumlazimisha mtu kuziiba. Hilo bado linawezekana. Waliozitengeneza wengi bado wako hai na wanafanya kazi.

Anayetaka kuijua asianzie mwaka 2023. Aanze na sehemu ya kwanza ya 2002 na avumilie michoro yake bapa hadi macho yazoee. Katika sehemu ya pili Abe anagombea uongozi wa wanafunzi dhidi ya JFK, na ili ashinde anaiuza sifa ya ukweli ya Lincoln kwa kampuni inayotengeneza kitafunwa cha kuongeza nguvu. Asiyecheka hapo anaweza kuacha bila hasara. Atakayecheka, na akasikia kidogo aibu ya Abe, ana sehemu nyingine 11 za kutazama.